Toa Kidole

Kazi yangu ni kupiga kelele. Nafundisha watu kuendesha gari, na kwa miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye kiti cha abiria nikiwaambia watu wazima wafanye mambo madogo kwa wakati wake: kanyaga, achia, kata kona, simama. Upande wangu kuna breki ya pili, ya mwalimu, kwa ajili ya siku ambayo kelele hazitoshi. Ndiyo maana wanafunzi wananiita Breki. Wanadhani sijui.

Nina hasira za karibu, nakiri. Zinapanda na kushuka kabla chai haijapoa, lakini zikishapanda hakuna anayenishika. Mke wangu wa zamani alikuwa akisema mimi siongei na watu, natoa amri, na siku aliyochoka kuamriwa alifunga virago akaenda kwa dada yake. Mdogo wangu hakuwahi kuchoka. Mwaka huu alipandishwa kizimbani kwa kumpofua mtu, na neno la kumwokoa na jela lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kinywani mwangu.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ni kitindamimba. Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka saba, mimi ishirini na mmoja. Nilimlea kwa jinsi nilivyojua, yaani kwa sauti. Nyumba yangu ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ukiitwa, itika mara ya kwanza. Mimi simwiti mtu mara mbili. Kwa hiyo mtoto yule aliitika akiwa bafuni, akiwa usingizini, akiwa na mdomo umejaa chakula. "Naam, kaka!" Akakua, akaoa, akaota mvi, na bado nikimpigia simu alisimama kwanza ndipo akaitika. Mkewe alikuwa akinitania: "Shemeji, usipige wakati wa kula, tafadhali. Mwenzetu anasimama wima, mchuzi unapoa."

Kitinda ni fundi wa meno ya bandia. Alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa, chenye meza iliyochakaa kwa visu vidogo, taa ya gesi ya kuyeyushia nta, na rafu tatu za taya za plasta, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa penseli. Ukiingia ulichekewa na watu arobaini kwa mpigo. Mkono wake haukujua kutetemeka. Nilimwona akimchongea bibi mmoja jino la mbele mpaka likapata ufa mdogo uleule aliokuwa nao ujanani, kwa sababu bibi alisema bila ule ufa anajiona mgeni kwenye kioo. Miaka minne iliyopita mkewe Kitinda alifariki kwa ugonjwa wa figo, akamwachia binti wa miaka mitano. Basi akawa anajifungia mle chumbani na taya zake, haongei na mtu. Nikamwambia Jumamosi tunakwenda uwanjani. Sikumwuliza, nilimwambia. Akaja.

Uwanja wetu uko nje ya mji, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Kila Jumamosi asubuhi watu kama ishirini hukutana pale kulenga visahani vya udongo: muuza vioo, daktari wa mifugo, walimu wawili, na fundi cherehani wa suti ambaye ndiye bingwa wetu na ndiye mwenye mdomo kuliko wote. Mchezo wenyewe hauna siri. Watu watano wanasimama kwenye mstari, kila mmoja kwenye namba yake, wameziba masikio. Mbele yao, hatua kumi na tano hivi, kuna shimo lililofunikwa kwa dari ya zege, na ndani ya shimo kuna mtambo. Mpigaji anaweka bunduki begani, anaita, na kila mtu ana neno lake. Fundi cherehani husema "Njoo!", mimi nilisema "Haya!", Kitinda alisema "Ya!", fupi, kama mtu aliyechomwa sindano. Mtambo unarusha kisahani, kinakwenda mbali kwa kasi, na una muda wa pumzi moja kukivunja. Ukikipata kinageuka vumbi hewani. Sijui kwa nini jambo hilo linapoza moyo, ila linapoza. Siku yake ya tatu Kitinda alivunja kumi na tisa kati ya ishirini na tano, akatabasamu. Yeye anayetengenezea watu meno, ya kwake nilikuwa sijayaona kwa miezi.

Shimoni alikuwa Fundi Lifti. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, aliyetumia maisha yake kutengeneza lifti za maghorofa, akastaafu, akaja kwetu kwa kupenda tu vyuma vinavyopanda na kushuka. Bunduki hakuigusa. Kazi yake ilikuwa kuupakia mtambo visahani, kuupaka grisi, na kuutukana ukikwama. Tulimtania kwamba ni mtu pekee aliyepandishwa cheo kwa kushushwa shimoni. Yeye hakuziba masikio kama sisi. "Mtambo ukiumwa unasema," aliniambia, "nikiziba nitaujuaje?" Ulipokwama alipenyeza kibendera chekundu kwenye tundu la dari. Msimamizi wa mstari akikiona alipaza sauti: "Simama! Toa kidole!" Hapo kila mpigaji anatoa kidole kwenye kifyatulio, anafungua bunduki, risasi zinatoka. Ndipo Lifti anapanda ngazi zake tano na kutoka nje. Hatoki mpaka asikie maneno hayo. Msimamizi wa mstari nilikuwa mimi, maana nani mwingine pale alikuwa na sauti kama yangu?

Mwaka jana kidole cha Kitinda kilianza kugoma. Kisahani kinaruka, yeye amekiona, bunduki inakifuata, lakini kidole hakivuti. Mwili mzima unaruka mbele kama gari la mwanafunzi aliyeachia klachi vibaya, na risasi imebaki ndani. Ni maradhi ya wapigaji, yanawapata hata mabingwa, na hakuna ajuaye yanakotoka. Fundi cherehani ndiye aliyeyapa jina. "Kidole chako kina kigugumizi, Kitinda! Ki-ki-ki-kimeshapita!" Watu wakavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, nisiwe mwongo. Kitinda akacheka pamoja nasi, halafu akakaa anaifuta bunduki yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kwa mtu anayekula kwa mkono wake, huo si utani. Akaanza kuniuliza kama wateja wake wakisikia watamwamini tena na visu. Na kibaya zaidi, ilikuwa karibu ichaguliwe timu ya watu watano ya kwenda shindano la vilabu. Mwaka uliotangulia alikuwa wa pili nyuma ya fundi cherehani, na kikombe kidogo cha bati alichopewa alikiweka dirishani chumbani kwake, katikati ya taya, karibu na picha ya mkewe. Kidole kikiendelea hivi, Jumamosi zake zimekwisha, anarudi kujifungia.

Siku ya Jumatano, alasiri, akaja kwangu na bunduki kwenye mkoba wake. Tukakaa jikoni. Fundi bunduki alikuwa amembadilishia kifyatulio. Vipo vya namna hiyo, na wenye kigugumizi wanavitumia kihalali kabisa: havifyatui ukivivuta, vinafyatua ukiviachia. Unakibana kwanza, kinatulia. Unaita. Kisahani kikija unalegeza kidole tu, bunduki inalia. Kidole hakina cha kugomea.

"Na ukighairi?" nikamwuliza. "Umeshakibana, halafu hutaki kupiga?"

"Hapo sasa unakuwa mpole. Unaifungua bunduki ukiwa bado umekibana. Ikishafunguka kabisa ndipo unaachia. Ukitoa kidole kabla, imelia." Akanionyesha bila risasi, mara tatu, kwa vidole vyake vya nta na visu.

Sheria ya uwanja iko wazi. Bunduki ya namna hiyo hufungwa utepe mwekundu kwenye kitako, na kila mtu mstarini huambiwa. Utepe alikuwa nao mfukoni, mpya, kwenye karatasi yake. Akauweka mezani, akausukuma upande wangu.

"Kaka, nakuomba. Mpaka timu ichaguliwe. Jumamosi mbili tu. Yule mshonaji akiuona huu utepe nimekwisha, ataniimba mpaka nizeeke. Wewe ndiye msimamizi, na wewe unajua. Si inatosha?"

Nilimwonea huruma, na zaidi ya huruma nilifurahi kwamba amekuja kuniomba. Mtu mzima, baba wa mtoto, bado ananiomba ruhusa. "Jumamosi mbili," nikasema. Utepe nikautia kwenye kisanduku cha dashibodi ya gari la mafunzo, chini ya kitabu cha alama za barabarani, nikausahau humo.

Jumamosi ya kwanza alivunja ishirini na nne. Fundi cherehani akamzunguka kama anampima suti. "Kigugumizi kimepona? Umekunywa nini, utugawie!" Kitinda akanitupia jicho, nikamkonyeza. Ndiyo furaha ya mwisho tuliyoipata sisi wawili.

Jumamosi ya pili kulikuwa na upepo, mtambo ulisumbua tangu asubuhi, nami nilishaanza kuchemka. Kitinda alikuwa namba tatu, katikati, shimo likiwa mbele yake moja kwa moja. Akaweka bunduki begani, akabana kifyatulio. "Ya!" Kimya. Mtambo uliguna, ukakwama. Kibendera chekundu kikachomoza kwenye tundu.

"Simama! Toa kidole!"

Wanne walitoa. Bunduki zao zikafunguka, ka, ka, ka, ka.

"Naam, kaka!" Kitinda akaitika, kwa nguvu, kama wanavyoitika watu walioziba masikio. Lakini kidole hakutoa. Aliishusha bunduki kiunoni polepole, mkono wa kushoto umeshika mitutu, gumba la kulia linatafuta kitasa cha kufungulia, kidole kimebaki palepale. Alikuwa anafanya hasa kile alichonionyesha jikoni mara tatu.

Nami nilikuwa nimesahau. Ningependa kusema jua lilinipiga machoni, au nilichanganyikiwa na upepo. Hapana. Nilisahau, basi. Nilichokiona ni kidole ndani ya kifyatulio, na kichwa cha Fundi Lifti kinachomoza pembeni mwa dari, maana alikuwa ameisikia sauti yangu na sauti yangu ndiyo iliyokuwa ruhusa yake. Na nilimwona mdogo wangu, mbele za watu, ananilazimisha kusema mara mbili. Hasira zikapanda. Nikapiga hatua mbili kumwendea, nikampigia ile sauti ya nyumbani, ya wakati ana miaka saba.

"We Kitinda! Nimesema toa kidole!"

Akatoa.

Kona ya zege ilikula sehemu kubwa ya marisau, zile chembe za risasi. Yaliyobaki, pamoja na vipande vya zege lenyewe, yaliingia machoni mwa Fundi Lifti. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi yake kama mtu aliyechoka, mikono usoni, damu inapita katikati ya vidole, akasema, "Msiuguse mtambo. Springi bado imebana." Daktari wa mifugo ndiye aliyemkimbilia wa kwanza. Mimi nilibaki nimesimama. Kitinda alikuwa ameiweka bunduki chini, anautazama mkono wake.

"Nimetoa, kaka," akaniambia. "Si ulisema nitoe?"

Hakuyarudia tena maneno hayo, si kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote.

Hospitali walimtoa mzee jicho moja, la pili wakaliacha kwa ajili ya sura tu. Polisi waliichukua bunduki, wakaipima, wakakuta kifyatulio cha kuachia. Walimwuliza Kitinda nani alijua. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango, najiandaa kusema, nikamsikia akijibu kabla yangu: "Hakuna. Sikumwambia mtu." Niliposhtuka, nimeshaandikisha maelezo yangu kwamba nilikuwa kazini, nikatoa amri, bunduki ikalia. Kila neno lilikuwa kweli.

Wakili wetu alikuwa dada mmoja mwenye miwani mizito na subira ya ajabu. Alitukalisha ofisini kwake, akakunja mikono juu ya faili. "Nawauliza mara moja, naomba mnijibu vizuri. Kuna mtu wa uwanja aliyejua habari ya kifyatulio hiki? Kwa sababu kama yupo, kosa linakuwa la uwanja mzima, si la huyu peke yake, na sioni hakimu wa kumpeleka jela. Kama hayupo, aliificha silaha ya hatari na mtu amepofuka. Hapo nitajitahidi, lakini jela ipo."

Nikamtazama Kitinda. Kitinda akamtazama wakili. "Hayupo," akasema.

Nilimfuata mpaka nje, kwenye maegesho. "Umerukwa na akili? Namwambia mimi. Nilijua, nikakuruhusu, na juu yake nikakupigia kelele."

"Halafu?"

"Halafu hutafungwa!"

"Utafungwa wewe, kaka. Msimamizi aliyejua, akaficha utepe, akatoa amri ile. Au tutafungwa wote. Huyu dada ni wakili, si hakimu." Alikuwa ameshika mlango wa gari, hataki kuingia wala kuufunga. "Mwanangu hana mama. Akibaki bila wewe na bila mimi, anakwenda kwa nani? Wewe ulinilea. Unajua namna."

"Kitinda..."

"Achia, kaka. Hili liachie tu."

Maisha yake yote hakuwahi kunipa amri. Ile ndiyo ya kwanza, na mimi, nisiyemtii mtu, niliitii. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Lakini niseme ukweli hapa angalau: alipotamka yale maneno nilihisi ahueni. Nilikuwa naiogopa jela kama mtu mwingine yeyote, na niliogopa zaidi siku ambayo fundi cherehani, wanafunzi wangu na majirani wangejua kwamba kelele zangu ndizo zilizofyatua. Nilifurahi kuachia. Nikawasha gari.

Siku ya ushahidi Fundi Lifti aliingia ameshikwa mkono na binti yake, amevaa miwani myeusi na suti ya harusi za watu. Suti yenyewe alishonewa bure na yule fundi cherehani, ambaye tangu siku ile hajatania mtu. Mwendesha mashtaka akamwuliza alisikia nini kabla ya kutoka shimoni.

"Nilisikia amri."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya kwanza ndiyo iliyonitoa. Ya pili nilikuwa nimeshatoa kichwa."

Kisha nikaitwa mimi. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini sana, mpaka ilinibidi niinamishe shingo kumsikia. Akapitia karatasi zake.

"Wewe ndiye uliyetoa amri. Kwa kawaida unatoa mara ngapi?"

"Mara moja, mheshimiwa."

"Siku hiyo mbili. Kwa nini?"

Jibu lilikuwa pale, fupi kabisa. Mara ya kwanza alisikia, akaanza kuifungua bunduki kwa njia iliyo salama, njia niliyokuwa naijua. Mara ya pili nilimkatiza. Nikamtazama Kitinda kizimbani. Alikuwa amesimama wima, mikono pembeni, kama anavyosimama nikimpigia simu. Akatikisa kichwa kidogo tu, nikajua anachotaka.

"Hakusikia, mheshimiwa," nikasema. "Alikuwa ameziba masikio."

Karani akaandika. Kitinda akashusha macho. Hakimu akageuza karatasi.

Wiki mbili baadaye alisoma hukumu kwa ile sauti yake ya chini. Alisema mshtakiwa alificha kifyatulio cha hatari, na juu ya hapo akashindwa kuwa makini hata kwa amri ya usalama, kwa mujibu wa msimamizi mwenyewe. Miaka mitatu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniua. Mtu ambaye hajapata kuitwa mara mbili tangu akiwa na miaka saba anapelekwa jela kwa kutosikia.

Walipomtoa kwa mlango wa nyuma nilitaka kumwita. Sikuthubutu.

Mahakama ile iko ghorofa ya tatu. Nilipotoka nikamkuta Fundi Lifti peke yake, amekaa kwenye benchi karibu na lifti iliyobandikwa karatasi ya kusema ni mbovu. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye mlango wake wa chuma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, msimamizi." Akagonga mlango kwa kucha. "Hii haijafa, wanaisingizia. Breki imeshika tu, haitaki kuachia. Kazi ya nusu saa." Kisha akasema, bila kugeuza uso, "Mara ya kwanza aliitika."

Nikamgeukia.

"Nilikuwa kwenye ngazi ya pili. Akasema, 'Naam, kaka.' Sauti kubwa, maana nyie mkiziba masikio mnadhani wote viziwi. Nilipenda kumsikia akiitika vile. Siku hizi hakuna watu wa kuitika."

"Mzee," nikasema, "mbona hukusema mle ndani?"

"Waliniuliza amri nilizisikia mara ngapi. Nikajibu. Nilijua utafuata wewe, utaulizwa kwa nini." Akasimama, akanyoosha mkono hewani mpaka akanipata kiwiko. "Nikakuachia useme mwenyewe."

Ningeweza kurudi ndani hata wakati ule. Mlango ulikuwa nyuma yangu, wakili wetu alikuwa bado anakusanya karatasi zake, namsikia akifunga mkoba.

"Binti yangu amekwenda kuleta gari," akasema mzee. "Nishushe. Usiniachie, ngazi za hapa sizijui."

Nikamshika mkono, tukaanza kushuka, yeye akihesabu kwa sauti. Zilikuwa hamsini na nne. Chini binti yake alikuwa anatusubiri mlangoni. "Asante, baba," akaniambia, "mwachie sasa, nimempata." Baadaye kidogo akanigusa vidole, akaniambia tena. Ilibidi aniambie mara mbili.

Mtoto wa Kitinda yuko kwangu sasa. Ana miaka tisa, anakula vizuri, shule anakwenda. Taya za plasta tumezifunga kwenye maboksi, majina ya wenyewe yako juu, na kikombe cha bati amekiweka kwenye dirisha la chumba alichokuwa akilala baba yake utotoni. Uwanjani sijarudi. Kazini bado napiga kelele, ila kuna neno moja linanikwama, na wanafunzi wananizimia gari katikati ya njia panda wakisubiri niliseme.

Juzi nilikuwa naosha gari la mafunzo, mtoto amekaa ndani anafunika madaftari. Nilipoinua kichwa nikaona kupitia kioo amefungua kisanduku cha dashibodi. Alikuwa ametoa utepe mwekundu, ameichana ile karatasi yake, anauzungusha kwenye mgongo wa daftari. Sijui kilichonipata. Nilimwita kwa ile sauti, jina lake kamili, mpaka jirani akachungulia.

Wasichana wengine huitika "Abee." Huyu anaitika kama baba yake alivyomfundisha. Aliudondosha utepe, akashuka, akasimama wima pale kando ya gari, mikono pembeni.

"Naam, baba mkubwa!" akasema, mara ya kwanza tu, kabla sijamaliza kumwita.